Kufuli za muziki: kwa nini wimbo ulionunua ulikataa kuhama simu

Juzi kijana mmoja anayejifunza kuandika programu aliniuliza swali zuri. Amelipia huduma ya muziki kwenye simu yake, amepakua nyimbo mia moja na ushee, halafu akaunganisha simu na kompyuta ili azinakili kwenye flashi ya matatu ya mjomba wake. Hakuona hata wimbo mmoja. Nafasi kwenye simu imejaa, data alilipia mwenyewe, lakini muziki hauonekani. "Zimeenda wapi?"

Jibu fupi: hazijaenda popote, zimefungwa kwa kufuli. Jibu refu ni historia ya zaidi ya miaka ishirini, na kwa kuwa mimi ni mtu wa Sachangwan, nitaisimulia kama ilivyofika huku kwetu. Wengi wenu mnalijua jina Sachangwan kwa sababu ya ule mkasa wa lori la mafuta wa tarehe 31 Januari 2009, ambao watu zaidi ya mia moja walipoteza maisha. Mungu awalaze pema. Kwa wasiofahamu, tuko kwenye barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, ukishapita Salgaa na kuanza kupanda kuelekea Mau Summit. Teknolojia nyingi hutufikia kwa barabara hiyo, ndani ya mfuko wa abiria.

Kabla ya kufuli

Ukifika Mau Summit na kukata kushoto unaelekea Kericho. Hapo Kericho palikuwa na duka na lebo ya Chandarana, iliyorekodi wanamuziki wengi wa magharibi mwa Kenya na Bonde la Ufa, akiwemo Kipchamba arap Tapotuk, ambaye Wakalenjin wa umri wa wazazi wangu hawahitaji kuelezwa ni nani. Ukinunua santuri Kericho, ilicheza kwenye gramafoni yoyote: ya nyumbani, ya baa, ya jirani. Santuri haikuuliza jina lako.

Kanda zilipokuja, mambo yalikuwa vilevile, isipokuwa sasa mtu angeweza kunakili. Redio kaseti yenye milango miwili ilitosha. Nakala ilikuwa mbaya kidogo kuliko kanda ya kwanza, na nakala ya nakala ikawa mbaya zaidi, mpaka sauti ya mwimbaji ikasikika kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Uchakavu huo ulikuwa kinga ya asili kwa msanii. Hakuna aliyeupanga, lakini ulifanya kazi.

CD na MP3 ziliondoa kinga hiyo. Nakala ya elfu moja inafanana na ya kwanza biti kwa biti. Hapo ndipo makampuni ya muziki yaliposhtuka, na wahandisi wakaambiwa watengeneze kufuli.

Nanyi mliobeba nyimbo kwenye kadi ndogo za simu, mnajua herufi SD zina maana gani? Ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "dijitali salama". Kadi hiyo ilitangazwa mwaka 1999 na makampuni ya Matsushita, SanDisk na Toshiba, na ndani yake iliwekwa kinga ya kuzuia muziki kunakiliwa. Karibu hakuna aliyeitumia kinga hiyo. Kadi iliyoundwa kuzuia uharamia ndiyo iliyokuja kubeba nyimbo za kunakili katika kila kibanda cha simu kutoka Nakuru hadi Burnt Forest.

Kufuli inavyofanya kazi

Jina rasmi la kufuli hizi ni usimamizi wa haki za kidijitali, na kifupi chake cha Kiingereza ni DRM. Wazo lenyewe ni jepesi. Wimbo unachanganywa kwa hesabu za siri mpaka unakuwa takataka tupu kwa yeyote asiye na ufunguo. Ufunguo unapewa programu au kifaa kilichoidhinishwa tu, na kifaa hicho kimeapa kutii masharti: cheza, lakini usinakili, cheza mwezi mmoja, kisha nyamaza.

Mfano maarufu ni wa Apple. Duka lake la iTunes lilifunguliwa Marekani tarehe 28 Aprili 2003 likiwa na nyimbo kama 200,000, kila moja senti 99 za dola. Faili zake zilikuwa na mwisho wa .m4p, na kufuli yake iliitwa FairPlay. Ndani ya faili, wimbo ulifungwa kwa ufunguo mkuu. Ufunguo mkuu nao ulifungwa kwa ufunguo wa mnunuzi, uliotoka kwenye seva za Apple na kuhifadhiwa kwenye kompyuta yake na kwenye iPod yake. Mwanzoni ungeweza kuidhinisha kompyuta tatu, baadaye zikawa tano. Pleya ya kampuni nyingine? Haikuwa na ufunguo, basi.

Ukiangalia kwa jicho la mtayarishaji programu, utaona tatizo mara moja. Katika siri za kawaida, mimi na wewe tunamficha mtu wa tatu. Katika DRM, mnunuzi anayepewa ufunguo ndiye huyohuyo anayefichwa ufunguo. Ni kama kumuuzia mtu nyumba, ukaacha ufunguo ndani ya nyumba hiyohiyo, halafu ukaomba Mungu asiutafute. Watu waliutafuta. Jon Lech Johansen wa Norway, aliyekuwa amekwisha kujulikana kwa kufungua kufuli ya DVD, aliandika programu za kufungua FairPlay pia. Apple ikawa inabadilisha, wengine wanafungua, mchezo wa paka na panya.

Kila kampuni na kufuli yake

Mnunuzi wa kawaida hakujali hesabu za siri. Alijali kwamba wimbo alioulipia kwa kampuni hii haukuchezeka kwenye pleya ya kampuni ile. Hebu tuone hali ilivyokuwa:

- Apple ilikuwa na FairPlay, kwa iPod.
- Microsoft ilikuwa na kufuli ya faili za .wma, na mwaka 2004 ikaanzisha nembo ya PlaysForSure, yaani "itacheza bila shaka", kwa pleya za Creative, iRiver, SanDisk na wengineo.
- Sony ilikuwa na muundo wake wa ATRAC na duka lake la Connect, lililofunguliwa mwaka 2004.
- RealNetworks, mwaka huohuo wa 2004, ilitoa Harmony, programu iliyowezesha nyimbo za duka lake kucheza kwenye iPod. Kabla ya mwaka kwisha, Apple ilibadilisha programu ya iPod na nyimbo hizo zikanyamaza.

Kichekesho kikubwa kilikuja Novemba 2006. Microsoft, wenye nembo ya "itacheza bila shaka", walitoa pleya yao wenyewe iitwayo Zune. Nyimbo za PlaysForSure hazikucheza ndani yake. Mtu aliyemwamini Microsoft miaka miwili mfululizo alijikuta ana faili za Microsoft zisizofunguka kwenye mashine ya Microsoft.

Sony BMG nao walipita mipaka. Mwaka 2005 waliuza CD ambazo, ukiziweka kwenye kompyuta ya Windows, zilijificha ndani ya mfumo kama virusi ili kuzuia kunakili. Mtaalamu Mark Russinovich aliligundua jambo hilo na kulitangaza tarehe 31 Oktoba 2005. CD hizo zikarudishwa kwa aibu.

Sisi tulikuwa wapi? Duka la iTunes halikuwa wazi kwa wateja wa Kenya miaka hiyo. Hata lingekuwa wazi, kadi ya benki ya kulipia mtandaoni ni wangapi waliokuwa nayo, na intaneti yenyewe ilipitia setilaiti mpaka nyaya za baharini zilipofika Mombasa mwaka 2009. Tulichoona ni iPod zilizoletwa na ndugu kutoka ughaibuni. Ukiipeleka saiba ili uongezewe nyimbo, programu ya iTunes iliona kompyuta ngeni na kuuliza kama ifute kila kitu ianze upya. Watu wengi walibonyeza ndiyo kwa kudhani ni adabu kukubali.

Huku kwetu kufuli ilikuja na mlio wa simu

Lakini msidhani tuliiepuka DRM. Ilitufikia kwa mlango mwingine: simu za mkononi.

Mnakumbuka matangazo ya magazetini katikati ya miaka ya 2000? Ukurasa mzima wa milio na nyimbo, kila moja na namba yake, unatuma ujumbe mfupi kwa namba ya tarakimu nne na salio linakatwa. Biashara hiyo ilikuwa kubwa. Hata Cellulant, iliyoanzishwa mwaka 2004 na ambayo baadaye ilijulikana kwa mifumo ya malipo, ilianzia kwenye muziki na milio ya simu.

Nyimbo hizo nyingi zilifuata kanuni za muungano wa makampuni ya simu uitwao OMA. Toleo la kwanza la kanuni hizo lilikuwa na njia tatu:

1. Kuzuia kupeleka mbele. Wimbo unafungwa kwenye bahasha yenye mwisho wa .dm. Simu inaucheza, ila inakataa kuutuma kwa Bluetooth au kwa njia yoyote.
2. Wimbo pamoja na masharti. Bahasha moja ina wimbo na karatasi ya masharti, kwa mfano cheza mara kumi au mpaka tarehe fulani.
3. Wimbo mbali, ufunguo mbali. Faili imefungwa kwa siri na inaweza kutumwa kwa yeyote, lakini kila mtu lazima anunue ufunguo wake, unaokuja kwa njia nyingine.

Njia ya kwanza ndiyo iliyowagusa wengi, na ukiichunguza inashangaza. Wakati wa kusafirishwa wimbo haukuwa umefungwa kwa hesabu yoyote ya siri. Ulinzi wote ulitegemea uaminifu wa simu: ikiona bahasha ya .dm, iwe na adabu. Na simu nyingi zilipouhifadhi ziliufunga kwa namna ambayo hata ukihamishia kadi kwenye simu nyingine, haikuweza kuusoma.

Hapa Sachangwan jirani yangu alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu, nami wakati wa likizo nilikuwa nikimsaidia. Siku moja alikuja mama mmoja anayeuza viazi kando ya barabara. Simu yake ilikuwa imeanguka kwenye ndoo ya maji, na mwanawe alikuwa amemnunulia nyingine. Alitaka nyimbo zake za kanisa zihamishwe. Alikuwa amezinunua moja moja kwa salio la simu, kwa muda wa karibu mwaka mzima, kutoka kwa kampuni fulani ya milio. Picha zilihama. Majina yalihama. Rekodi ya sauti ya mjukuu ilihama. Nyimbo zilikataa. Tulipiga simu kwa kampuni hiyo, tukajibiwa kwamba ni lazima azinunue upya.

Mama aliuliza swali moja tu: "Sasa mimi nililipa, au sikulipa?"

Jirani yangu hakuwa na jibu. Alichokuwa nacho ni kompyuta kuukuu yenye maelfu ya nyimbo, na bei yake ya kujaza kadi ilikuwa nafuu kuliko kununua nyimbo tatu kwa njia halali. Akamwekea nyimbo zilezile, bila bahasha. Zikacheza kwenye simu mpya, kwenye redio ya jikoni yenye tundu la kadi, na kwenye matatu ya kwenda Molo. Tangu siku hiyo, mama yule hakununua tena wimbo kwa salio, na sioni wa kumlaumu. Mtu aliyelipa alipewa bidhaa mbovu kuliko ya yule asiyelipa.

Hiyo ndiyo hoja yangu kuu, na wakubwa wa teknolojia waliifikia kwa njia yao wenyewe.

Kufuli inafunguliwa, seva zinazimwa

Tarehe 6 Februari 2007 Steve Jobs alichapisha barua kuhusu muziki. Alitoa hesabu hii: iPod ya wastani ilikuwa na nyimbo karibu 1,000, na kati ya hizo 22 tu zilinunuliwa kwenye duka la iTunes. Zilizobaki hazikuwa na kufuli. Tena makampuni ya muziki yenyewe yalikuwa yakiuza mabilioni ya nyimbo kwenye CD zisizo na kinga yoyote. Sasa kufuli inamlinda nani?

Aprili 2007 kampuni ya EMI ilitangaza kuuza nyimbo zake bila kufuli. Septemba mwaka huohuo Amazon ikafungua duka la MP3 tupu. Tarehe 6 Januari 2009 Apple ikatangaza kwamba nyimbo za makampuni yote makubwa zitauzwa bila kufuli. Waliokuwa wamenunua zamani walitakiwa kulipa senti 30 kwa kila wimbo ili ufunguliwe. Yaani ulilipia kufungiwa, sasa lipia kufunguliwa.

Afadhali hao. Aprili 2008 Microsoft iliwaambia wateja wa duka lake la MSN Music, lililokuwa limeacha kuuza tangu 2006, kwamba ifikapo tarehe 31 Agosti 2008 seva za funguo zitazimwa. Nyimbo zingeendelea kucheza kwenye kompyuta zilizoidhinishwa tayari, lakini ukibadilisha kompyuta, kwaheri. Kelele zilipozidi, seva ziliongezewa muda hadi mwisho wa 2011. Yahoo nao walitangaza jambo hilohilo Julai 2008, wakaishia kuwafidia wateja. Swali la mama wa viazi lilikuwa limefika Marekani.

Skiza: wimbo usioshikika

Sasa angalieni mwaka 2009 hapa Kenya. Mwaka uleule ambao Apple ilitupa kufuli, Safaricom ilianzisha Skiza. Unachagua wimbo, na anayekupigia ndiye anayeusikia wakati anasubiri upokee. Wewe mwenye kulipa huusikii kwenye simu yako, huna faili, huwezi kuunakili wala kuuhamisha. Wimbo unakaa kwenye mitambo ya kampuni.

Kiufundi, hii ni kinga kamili kuliko FairPlay, kwa sababu hakuna cha kuvunja. Na haikuhitaji simu ya bei ghali: hata mulika mwizi ilitosha. Ubadilishe simu mara kumi, wimbo wako uko palepale maadamu laini ni ileile na unaendelea kulipa. Ukiacha kulipa, unatoweka.

Watu waliipenda, na wasanii wengi wa lugha za nyumbani walipata humo pesa ambazo kibanda cha jirani yangu hakikuwapa kamwe. Hilo tulikubali. Jirani yangu alimsaidia mama, lakini mwimbaji wa nyimbo zile hakupata hata ndururu. Ugomvi uliofuata ulikuwa wa mgawanyo: nani anachukua kiasi gani kabla pesa hazijamfikia mwimbaji. Ulifika mahakamani na bungeni, na sheria ya marekebisho ya hakimiliki ya mwaka 2022 ikaweka kwamba msanii asipate chini ya asilimia 52 ya mapato ya milio hiyo, kampuni ya simu asilimia 39.5, na mtoa huduma wa kati asilimia 8.5.

Kuhusu kufuli zenyewe, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, iliyoanza kutumika 2003, inahesabu kuvunja kinga ya kiufundi ya kazi ya msanii kuwa ukiukaji wa haki. Kwa hiyo msije mkasema mimi ndiye niliyewatuma.

Kufuli imerudi, imevaa nguo nyingine

Sasa tunarudi kwa yule kijana. Huduma za kusikiliza kwa kulipia mwezi, kama Spotify iliyoingia Kenya Februari 2021, zimeirudisha DRM bila kelele. Ukibonyeza "pakua", unapata faili iliyofungwa ambayo ufunguo wake unaishi ndani ya programu hiyo na akaunti yako. Ndiyo maana kompyuta haikuona muziki wowote. Tofauti na mwaka 2003 ni kwamba hawakwambii umenunua. Umekodi. Na mkodishaji ana haki ya kudai chumba chake.

Sina ugomvi na kukodi, mradi mtu ajue anakodi. Ukitaka wimbo wa kukaa nao miaka ishirini, kuucheza kwenye matatu, harusini na matangani, tafuta faili isiyo na kufuli. Zipo kwa njia halali: Bandcamp huuza faili wazi, na Mdundo, iliyoanzia Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 2010, hutoa MP3 bure na kulipwa na matangazo. Na kuna wasanii wengi wa huku Bonde la Ufa watakaokutumia faili wenyewe ukiwalipa kwa M-PESA.

Kwa wenzangu mnaoandika programu, nina maneno mawili. Kwanza, kila mfumo unaotegemea seva ya funguo utazimwa siku moja, kwa hiyo amueni mapema mteja atabaki na nini siku hiyo. Pili, kabla hamjaweka kufuli, pimeni kama anayelipa atapata kitu kizuri kuliko asiyelipa. Akipata kibaya zaidi, kibanda cha jirani kitashinda, hata hesabu zenu za siri ziwe kali namna gani.

Nimemwambia kijana hivi: huduma yako si mbovu na simu yako si mbovu. Nyimbo zile hukuwahi kuzinunua. Kwa flashi ya mjomba, nunua kumi unazozipenda kweli, zisizo na kufuli. Zitakaa.

Haya, tukutane tena siku nyingine.